Kioo cha Tano

Mwezi Juni, huku Kuusamo, usiku haupo.
Jua ni mgeni anayeaga mlangoni saa nzima
halafu anarudi kukaa.
Nyota zipo, ila zimemezwa.
Basi ndio msimu wa kusaga.

Pipa nimelisimamisha katikati ya sauna,
nimelijaza mawe lisitikisike.
Juu yake kioo, juu ya kioo unga wa msasa
na maji kijiko kimoja,
kisha kioo cha pili, kisha mikono yangu.
Sukuma, vuta, geuza, hatua moja kulizunguka pipa.
Sukuma, vuta, geuza.
Cha juu kinabonyea, cha chini kinavimba:
hakuna anayepata shimo bila mwenziwe kupata kilima.

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua kwa baiskeli
hadi nyumba za mwisho kabla ya mpaka.
Nadhani pipa hili nimelizunguka mbali zaidi.
Bandu bandu humaliza gogo.
Hapa humaliza kiangazi.

Cha kwanza kilikuwa dirisha la meli.
Aliniuzia mvunja meli wa Kemi, mwaka sabini na nne,
kwa bei ya viatu vya baridi, na viatu nikavikosa.
Tauno akasimama mlangoni na taulo begani:
"Helvi, watu huoga humu."
Nikamwambia ziwa liko wazi.
Akaoga ziwani mpaka Oktoba, akipiga mayowe kila jioni,
na hakulitaja tena.

Cha pili nilikidondosha. Tuyaache hayo.
Cha tatu nimewapa wanafunzi wa Posio.
Cha nne kimo ndani ya bomba la hewa la zizi lililobomolewa,
kinageuka kwa bawaba za mlango wa ng'ombe.
Pentti, mwindaji, alipoiona Zohali na pete yake
aliondoka kwenye tundu, akaenda mbele ya bomba,
akachungulia ndani kwa tochi
kutafuta nilikobandika picha.

Sasa hiki. Tarehe tisa Julai,
lami imeshika vizuri, unga mwekundu laini kama poda ya mtoto,
nikaisikia kabla sijaiona:
*kriii*.
Mkwaruzo, urefu wa ukope mmoja.

Chembe imetoka wapi? Sakafu nilikuwa nimeiosha mara nne.
Nikainua macho. Msumarini, taulo la Tauno.
Miaka sita linaning'inia pale, sijalifua,
na mlango nilikuwa nimeufungua kwa nguvu.
Huenda ni msasa wa mwaka sabini na nne.
Huenda ni mimi tu natafuta wa kumlaumu.

Nikakipeleka kioo gizani, chini, kwenye viazi,
penye taa na wembe unaokata mwanga.
Ukigusa kioo kwa kidole, hesabu hadi kumi, kisha tazama:
pale ulipogusa pamevimba kilima,
joto lako limesimama juu ya kioo kama kichuguu.
Hukifuti. Unakaa kwenye gunia, unangoja kishuke chenyewe.
Nilikaa mpaka kikashuka.

Kurudia msasa ni kuupoteza mwaka.
Nina sabini na sita. Nikapiga hesabu ya miaka,
nikauacha ukope pale ulipo.

Taulo nimelifua mara tatu, sasa linafunika bomba.

Na Septemba, usiku umerudi, tena wenye baridi ya kuuma meno.
Naizuia pumzi ili lenzi isigande.
Andromeda: ukungu, doa la maziwa,
mwanga ulioanza safari kabla mtu hajawa mtu,
unaangukia shimo nililolichimba kwa viganja,
unaupita mkwaruzo
na mimi siuoni, ingawa nautafuta.

Jumatatu nitapiga simu Kemi kuuliza bei ya kioo.
Viatu vyangu vinavuja kidogo,
lakini msimu mmoja bado vinao.